Meno ya Watu wa Kale Yafichua Shida za Utoto Wao

Mfugaji anayekwenda mnadani kununua ng'ombe haridhiki na maneno ya mwuzaji peke yake. Humshika mnyama, akamfunua mdomo, akayatazama meno ya mbele ya chini, maana ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Akiona mawili makubwa yamekwisha kuota na mengine bado ni ya utotoni, hujua kwamba mnyama huyo ana umri wa miaka miwili hivi. Akiyaona yote yamelika hadi karibu na ufizi, hudai bei ipunguzwe au huenda zake. Binadamu naye hakuachwa nje ya desturi hiyo. Daktari akiletewa na polisi kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, humtazama kinywani kabla ya kutoa kauli juu ya umri wake. Na katika pwani ya zamani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akaogopwa kana kwamba ameleta nuksi nyumbani, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa kama mawe, nao husoma meno. Tofauti yao na mnunuzi wa ng'ombe ni kwamba yule wanayemtazama amekufa maelfu ya miaka iliyopita, pengine milioni moja na zaidi. Hana jina wala kaburi, na mara nyingi kilichobaki kwake ni jino lenyewe tu. Hata hivyo, kutokana na jino hilo wameweza kueleza mtoto huyo aliugua lini, aliacha kunyonya akiwa na umri gani, na kama majira ya baridi yalimtesa. Babu zetu wangaliambiwa habari hizi, wangalidhani ni kazi ya mpiga ramli.

DAFTARI LA ZAMU

Kitu kigumu kupita vyote mwilini ni lile gamba jeupe linalofunika jino, ambalo wataalamu huliita enameli. Zaidi ya sehemu 95 katika kila 100 za uzito wake ni madini. Ndiyo maana mifupa huvunjwa na fisi, ikaliwa na tindikali ya udongo na kusagwa na mito, lakini meno husalia. Katika maeneo mengi yalikochimbuliwa mabaki ya watu wa kale, meno ni mengi kuliko kiungo kingine chochote.

Lakini ugumu peke yake usingalitosha kulifanya jino kuwa shahidi. Ngozi ikikatwa hupona. Mfupa ukivunjika huunga, na hata usipovunjika, mwili huubomoa na kuujenga upya kidogo kidogo maisha yote. Enameli haina bahati hiyo. Chembe hai zinazoijenga hufanya kazi yake wakati jino lingali limefichwa ndani ya taya. Jino likisha kuchomoza, chembe hizo huwa zimekwisha kutoweka, wala hazirudi tena. Kwa hiyo kasoro iliyoingia wakati wa ujenzi hubaki pale pale hadi jino lilike au ling'oke, mithili ya unyayo uliokanyaga saruji mbichi.

Tena, wajenzi hao hufanya kazi kwa utaratibu ambao askari yeyote atautambua. Mlinzi wa lango la kambi huandika katika daftari la matukio kila siku, hata siku isiyokuwa na tukio. Vivyo hivyo, chembe za enameli huweka tabaka jembamba kila siku, na kila tabaka huacha alama yake. Baada ya siku kadhaa, ambazo kwa binadamu wa leo ni kuanzia 6 hadi 12 na mara nyingi 8 au 9, hutokea mstari ulio mzito zaidi. Mistari hiyo mizito huitwa mistari ya Retzius, kwa jina la mtaalamu wa Uswidi, Anders Retzius, aliyeieleza mwaka 1837. Idadi ya siku kati ya mstari mzito na unaoufuata kwa kawaida haibadiliki katika meno ya kudumu ya mtu mmoja. Na siku ya kuzaliwa yenyewe huacha alama, kwa kuwa kutoka katika joto la tumbo la mama na kuingia duniani ni msukosuko mkubwa kwa kiumbe kidogo. Mtaalamu akiipata alama hiyo, huanza kuhesabu siku moja moja kutoka hapo, kama mtu anayehesabu pingili za muwa.

Sasa mtoto akishikwa na homa kali, surua, kuhara kwa muda mrefu, au akikosa chakula, mwili hukusanya nguvu zake zote katika kupigania uhai, na ujenzi wa meno hupunguzwa. Shida ikiwa fupi, kinachobaki ni mstari wa giza ndani ya enameli, usioonekana ila kwa hadubini. Ikiwa ndefu, enameli huwa nyembamba mahali hapo, na jino likija kuchomoza huonekana lina mfuo unaolizunguka kama mshipi kiunoni. Mara nyingine huwa ni vishimo vidogo vidogo vilivyopangana. Si lazima mtu aende makumbusho kuviona. Wapo watu wazima wengi wanaotembea na mifuo hiyo katika meno yao ya mbele, na ukucha ukipitishwa juu yake huihisi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba meno hayajengwi yote kwa wakati mmoja. Gego la kwanza la kudumu huanza karibu na siku ya kuzaliwa, na kichwa chake hukamilika mtoto akiwa na miaka 3 hivi. Meno ya mbele na machonge huanza katika mwaka wa kwanza, nayo huendelea kujengwa hadi miaka 4, 5 au 6. Gego la mwisho hujengwa baadaye sana, wakati mtoto amekwisha kwenda shule. Kwa hiyo shida iliyompata mtoto akiwa na miaka miwili na nusu huandikwa katika meno kadhaa kwa mara moja, kila jino kwa kimo chake. Mtaalamu akiona mifuo inalingana katika meno mbalimbali ya kinywa kimoja, hujua kwamba mwili mzima ulikuwa taabani, wala si jino moja lililogongwa.

KIJANA WA NARIOKOTOME

Mwezi wa Agosti mwaka 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakupata elimu ya juu ya darasani lakini jicho lake halikuwa na mshindani katika kutafuta visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu mahali paitwapo Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kipande hicho kilikuwa na rangi moja na mawe ya pale, mwingine angalikipita. Kimeu alikuwa akifanya kazi na kundi la Richard Leakey na Alan Walker. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya mvulana mmoja, wa aina ya binadamu wa kale iitwayo Homo erectus, aliyefariki yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kimeu mwenyewe aliaga dunia mwaka 2022, akiwa ameacha sifa ambayo maprofesa wengi waliitamani.

Mvulana huyo alikuwa na urefu wa sentimita 160 hivi. Kwa kimo hicho na kwa mifupa yake, mtu angalisema ana miaka 11 au 13. Lakini mistari ya meno yake ilipohesabiwa ilitoa jibu jingine: alikuwa na miaka 8 hivi. Maana yake ni nzito. Watoto wa zama zile walikua upesi kuliko wetu, na utoto wao, ule muda wa kulishwa, kufundishwa na kusamehewa makosa, ulikuwa mfupi. Mtoto wa miaka 8 alikuwa na mwili wa kijana.

Hali kadhalika ilivyokuwa kwa mtoto wa Taung, ambaye fuvu lake lilipatikana Afrika Kusini mwaka 1924 na kutangazwa na Raymond Dart mwaka uliofuata. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa na umri wa miaka 6, kwa sababu gego lake la kwanza la kudumu lilikuwa limechomoza, na kwa watoto wa siku hizi gego hilo huchomoza katika umri huo. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipoanza kuhesabu mistari ya enameli, ilibainika kwamba watoto wa jamii ile waliota gego hilo wakiwa na miaka 3 na ushei tu. Waliokuwa wakimpimia kwa kipimo cha watoto wetu walikuwa wakimzidishia umri maradufu.

Turejee kwa kijana wa Nariokotome, maana taya lake lina habari nyingine. Mahali ambapo jino moja la utotoni lilikuwa limetoka, mfupa una dalili ya kuliwa na usaha. Walker na wenzake walidhani kwamba huenda vijidudu vilipenya kutoka hapo na kuingia katika damu, na kwamba huenda hicho ndicho kilichomwua. Wengine hawakubali kwamba dalili ile inatosha kuthibitisha kifo. Ni haki yao kubisha. Hata hivyo dhana yenyewe si ya kupuuzwa. Kabla ya dawa za kuua vijidudu kupatikana, jipu la jino liliweza kumpeleka mtu kaburini akiwa na nguvu zake zote, na hata leo mwenye uvimbe wa taya pamoja na homa hatakiwi kungoja hadi mwisho wa mwezi ndipo aende hospitali.

ZIWA LA MAMA LAPIMWA

Hadi hapa tumezungumzia mistari. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamepata njia ya kupima pia kemikali iliyomo katika kila mstari. Huchoma vitundu vidogo mno kwa mwali wa leza, tabaka hata tabaka, na kupima kilichomo. Mojawapo ya vitu wanavyovitafuta ni madini yaitwayo bariamu. Mtoto akiwa tumboni hupata bariamu kidogo. Akianza kunyonya, kiasi chake huongezeka katika meno. Akiachishwa ziwa, hupungua. Njia hii ilijaribiwa kwanza katika meno ya watoto wa leo na ya nyani ambao siku zao za kunyonya zilikuwa zimeandikwa, ikaonekana inasema kweli.

Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa ya mtoto mmoja wa jamii ya Neanderthal, wale binadamu wa kale walioishi Ulaya na sehemu za Asia kabla ya kutoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Jino lake lilitoka katika pango la Scladina, Ubelgiji. Kwa miezi 7 hivi mtoto huyo alilelewa kwa maziwa ya mama peke yake. Kisha akaanzishiwa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Ghafula, alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili hivi, maziwa yakakoma. Hayakupungua kidogo kidogo kama mama anapomzoesha mtoto, yalikatika. Jino haliwezi kusema kama mama alikufa, aliugua, au walitenganishwa kwa njia nyingine. Linasema tu kwamba mwezi fulani ziwa lilikuwapo, na mwezi uliofuata halikuwapo. Mtoto huyo hata hivyo aliishi hadi miaka 8. Kama ni kweli kwamba mama hakuwapo, basi yuko mtu aliyemlisha miaka yote hiyo, na mtu huyo hakuacha alama yoyote isipokuwa uhai wa mtoto.

Zamani zaidi ya hapo, katika mapango ya Sterkfontein ya Afrika Kusini, yalipatikana meno ya viumbe waitwao Australopithecus, walioishi zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mtoto wao alinyonya kwa wingi mwaka wa kwanza, kisha bariamu ikawa inapungua na kupanda tena kwa mizunguko, hadi miaka 4 au 5. Waliofanya uchunguzi wanaeleza kwamba yaelekea chakula kilipoadimika msituni na mbugani, mama alimrudisha mtoto kwenye ziwa. Akina mama wa nchi zetu hawatashangazwa na habari hiyo, maana wanajua jinsi mtoto mgonjwa aliyekwisha kuzoea uji anavyoukataa na kulidai ziwa. Lakini kwa viumbe wale kulikuwa na gharama yake: mama anayenyonyesha miaka mingi huzaa watoto wachache, na kabila la wachache humalizika upesi nyakati za shida.

BARIDI NA RISASI

Katika bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kuna mahali paitwapo Payre. Hapo yalipatikana meno ya watoto wawili wa Neanderthal walioishi miaka 250,000 iliyopita. Kundi la wataalamu lililoongozwa na Tanya Smith liliyachunguza na kutangaza matokeo mwaka 2018. Kwa kupima aina za oksijeni zilizomo katika enameli, ambazo hubadilika kufuatana na joto na baridi ya maji yanywewayo, waliweza kufuata majira ya mwaka karibu juma kwa juma. Mtoto mmoja alizaliwa majira ya kuchipua, wakati theluji imeyeyuka na wanyama wanazaa. Alinyonya kwa miaka miwili na nusu. Na palipokuwa na mistari ya taabu katika enameli, ilionekana kwamba taabu hiyo ilimpata wakati wa baridi kali.

Katika meno hayo hayo kulikuwa na jambo ambalo halikutazamiwa. Watoto wote wawili walikuwa wameingiwa na risasi mwilini, na zaidi ya mara moja, wakati wa baridi au mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Si risasi itokayo katika mtutu wa bunduki, ingawa ni madini yale yale, yanayotumika pia katika betri za magari. Madini hayo yamo ardhini katika eneo lile. Huenda watoto waliyapata kwa maji au chakula, au kwa moshi wa moto uliowashwa ndani ya pango wakati wa kukwepa baridi. Wengi hudhani kwamba sumu ya risasi ililetwa na viwanda na petroli. Kumbe ilikwisha kumgusa mtoto aliyeishi robo ya milioni ya miaka kabla ya kiwanda cha kwanza.

Nchini Zambia risasi na meno vimekutana kwa njia nyingine. Mwaka 1921, katika mgodi wa risasi na zinki wa Broken Hill, ambao leo ni mji wa Kabwe, wachimbaji walipata fuvu la mtu wa kale aliyeishi yapata miaka 300,000 iliyopita. Lilipelekwa London, na serikali ya Zambia imelidai kwa miaka mingi. Mtu huyo alikuwa na kinywa cha kusikitisha: meno 10 ya juu yalikuwa yameoza. Jambo hili ni la ajabu kwa sababu kuoza kwa meno ni nadra sana kwa watu walioishi kabla ya kilimo. Wawindaji hawakuwa na sukari wala nafaka nyingi za kunata menoni. Tena mgodi ule ule umeacha vumbi la risasi ambalo linaendelea kuwadhuru watoto wa Kabwe wa leo, muda mrefu baada ya kufungwa kwake mwaka 1994.

Mfano mwingine wa kuoza kwa meno kabla ya kilimo unatoka Taforalt, Morocco. Watu waliozikwa katika pango hilo kati ya miaka 15,000 na 13,700 hivi iliyopita walikuwa na matundu katika zaidi ya nusu ya meno yao. Walikuwa wakikusanya na kuweka akiba ya njugu za mialoni, ambazo zina wanga mwingi na hunata. Yaani walikuwa wameshiba, na shibe hiyo ndiyo iliyowaumiza. Mtu aliyewahi kukesha na jino moja tu linalopwita afikirie kukaa na sita au saba, bila dawa wala koleo.

MZEE ASIYEKUWA NA MENO

Kati ya visukuku vyote vinavyohusu meno, huenda cha kugusa moyo zaidi ni kile ambacho hakina meno. Huko Dmanisi, katika nchi ya Georgia iliyo kusini mwa milima ya Kaukasi, lilipatikana fuvu la mtu aliyeishi yapata miaka milioni 1.77 iliyopita, na taya lake likapatikana baadaye. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Mtu huyo alikuwa amepoteza meno yake yote isipokuwa moja. Matundu ya meno yalikuwa yamejaa na kuzibwa na mfupa, jambo ambalo halitokei kwa siku chache. Aliishi miaka kadhaa bila kuweza kutafuna.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini mzee huyo hata hilo la pembe hakuwa nalo. Zana alizojua ni mawe yaliyochongwa upande mmoja. Nyama ilipaswa kupondwa, au apewe uboho wa mifupa na ubongo wa wanyama, au atafutiwe vitu laini. Baadhi ya wataalamu husema aliweza kujitafutia mwenyewe kwa mawe yake. Wengine husema hapana, alilishwa. Uzito wa hoja unaelekea upande wa wale wanaosema alisaidiwa, kwa sababu katika nchi ya baridi, yenye chui na chui wakubwa wenye meno kama majambia, mnyonge asiye na mwenziwe hakai miaka.

TAHADHARI

Si kila alama katika jino ni njaa. Katika pango la Swartkrans, Afrika Kusini, kuna viumbe wa kale wenye magego makubwa, waitwao Paranthropus, ambao magego yao mengi yamejaa vishimo vya mviringo. Mtu wa haraka angalisema watoto wale waliteseka kupita wote. Lakini uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba yaelekea ni kasoro ya kurithi, iliyopita toka mzazi hadi mtoto, kama inavyotokea katika familia chache za siku hizi. Hali kadhalika, wakazi wa sehemu za Bonde la Ufa, kama vile kandokando ya Mlima Meru na Nakuru, wana meno yenye madoa ya kahawia na vishimo. Hayo husababishwa na wingi wa floraidi katika maji yatokayo kwenye miamba ya volkeno. Hakuna aibu wala uchafu ndani yake, na mswaki hauwezi kuyaondoa, hata mwenye nayo akisugua hadi ufizi utoke damu.

Wataalamu wenyewe wamewahi kudanganywa na macho. Mwaka 1959 Mary Leakey alipopata fuvu maarufu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanzania, magego yake makubwa yalimfanya apewe jina la utani la mvunja njugu. Fuvu hilo lina miaka milioni 1.75 hivi, nalo lilikabidhiwa kwa Tanzania. Nusu karne baadaye, mikwaruzo midogo katika meno ya jamii hiyo ilipotazamwa kwa hadubini, haikuonyesha dalili ya kuvunja vitu vigumu. Vipimo vya kemikali vilivyotangazwa mwaka 2011 vikaonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi, au mimea ya jamii ya ndago. Mvunja njugu alikuwa mla majani.

Hata wale watu wa Neanderthal, ambao kwa muda mrefu walisemwa kuwa waliishi katika dhiki isiyo na mfano, kesi yao imeangaliwa upya. Ni kweli kwamba uchunguzi wa mwaka 1989 uliikuta mifuo ya taabu kwa watu wao watatu katika kila wanne. Lakini mwaka 2004 Debbie Guatelli-Steinberg na wenzake walilinganisha meno hayo na meno ya Wainuiti waliozikwa Point Hope, Alaska. Walihesabu vistari ndani ya kila mfuo ili kujua shida ilidumu muda gani. Wainuiti hawakuwa nafuu kuliko Neanderthal. Tena baadhi ya shida zao zilidumu muda mrefu zaidi. Wainuiti ni watu kama sisi, wenye akili, mitumbwi na mishale, nao walivuka.

JINO LINALOSINGIZIWA

Elimu hii inagusa jambo moja linalotendeka katika nyumba nyingi za Uganda, Tanzania na nchi jirani, makambini na vijijini. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, wapo wanaoutazama ufizi wake, wakaona uvimbe wenye weupe mahali ambapo chonge litaota, wakasema ana "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Nchini Uganda wengi huyaita ebinyo. Hupelekwa kwa mganga, naye huuchimba ufizi kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli na kutoa kitu kidogo laini, ambacho huonyeshwa kwa wazazi kama mdudu aliyekamatwa.

Kitu hicho ni chonge changa la mtoto, lililokuwa likijengwa. Uvimbe ule ni wa kawaida kwa kila mtoto wa umri huo, mzima na mgonjwa. Tofauti ni kwamba mdomo wa mtoto mzima haufunuliwi. Mtoto hutoka hapo akiwa na kidonda kinachovuja damu, kilichochimbwa kwa chombo kichafu, huku malaria au kuhara kwake kukiwa hakujatibiwa. Wengine hupata pepopunda, wengine sumu ya damu, na wapo wanaokufa. Wanaopona mara nyingi huota chonge la kudumu lililopinda au lenye kasoro, au wasiote kabisa. Mambo yamegeuzwa juu chini: homa huacha alama katika jino, lakini jino ndilo linaloshitakiwa kwa kuleta homa. Shahidi amefanywa mshitakiwa. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, ziwa la mama bila kukatizwa, na kupimwa malaria katika zahanati siku hiyo hiyo.

Meno ya utotoni nayo yana habari inayotangulia hata hiyo. Huanza kujengwa mimba ikiwa na miezi minne hivi, na sehemu kubwa ya enameli ya meno ya mbele huwa tayari siku ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka 6 au 7 aking'oka jino, akalitupa juu ya paa na kuomba jipya kama watoto wa pande zetu wafanyavyo, ndani ya jino lile kuna mstari mmoja mwembamba wa siku aliyozaliwa. Yote yaliyo upande wa ndani wa mstari huo yalijengwa kwa chakula alichokula mama yake alipokuwa mjamzito.